Nitaujuaje uyoga wa porini wenye sumu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekua nikichuma uyoga na bibi yangu, na hatukuwahi kuumwa hata siku moja. Sasa nimehamia mbali na kwetu. Mvua za juzi zimeotesha uyoga mwingi chini ya miti karibu na ninapoishi, mweupe, mnene, unafanana kabisa na ule tuliokuwa tukila. Wenzangu wananiambia niuchemshe pamoja na kitunguu saumu na kijiko cha fedha, kijiko kisipoingia weusi nile bila wasiwasi. Wengine wanasema nichague ulioliwa na wadudu. Je, kuna kipimo kimoja cha uhakika?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kupika. Kama uyoga huo umeshauchuma, uweke kando, mbali na chakula na mbali na watoto. Usiuonje hata kidogo. Kisha tuzungumze taratibu.

Kipimo kimoja cha uhakika hakipo. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikipiga magoti mbele ya uyoga, na natamani ningekuwa na jibu jepesi zaidi la kukupa. Shida ni kwamba uyoga wenye sumu si ukoo mmoja. Zipo aina zinazoua ini, zipo zinazoua figo, zipo zinazovuruga akili kwa saa chache, na zipo zinazokutapisha usiku kucha kisha kesho ukaamka mzima. Kila moja ina kemikali yake, na kemikali hizo hazina undugu. Kijiko gani kitazitambua zote?

Tena hicho cha fedha ndicho kinachonitia hofu zaidi. Fedha huwa nyeusi inapokutana na salfa, ndiyo maana kijiko cha namna hiyo huingia weusi ukikitumia kulia yai, na hakuna aliyewahi kusema yai ni sumu. Kitunguu saumu nacho kimejaa salfa. Kwa hiyo ndani ya sufuria yako kitunguu kinaweza kukitia kijiko weusi bila kosa lolote la uyoga, na siku nyingine sumu kali kuliko zote ikawa humo humo huku kijiko kinang'aa.

Wadudu je? Konokono wasio na gamba na mabuu ya baadhi ya nzi hula uyoga wa mauti na kunawiri. Miili yao si miili yetu. Ladha nayo haikuonyi: watu walionusurika baada ya kula Amanita phalloides, uyoga unaoua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, wamesema ulikuwa mtamu. Rangi ndiyo kabisa. Ule mwekundu wenye madoa meupe ambao kila mtoto huuchora, Amanita muscaria, una sumu kweli na huvuruga akili, ila kuua kwake ni nadra. Ndugu yake Amanita caesarea, wa rangi ya chungwa iliyokolea, umeliwa kwa heshima tangu enzi za Warumi. Lakini ule wa kuogopwa kweli kweli ni wa kijani kilichofifia kama cha zeituni, au wa manjano hafifu, au mweupe tu kama huo wako. Wengine watakwambia ngozi ya kofia ikimenyeka uyoga ni mzuri, au unaoota kwenye gogo hauna neno. Ngozi ya Amanita phalloides humenyeka vizuri sana, na kwenye magogo yanayooza huota kijiyoga cha kahawia kiitwacho Galerina marginata chenye sumu ile ile.

Na kuchemsha? Sumu hiyo huitwa amatoksini. Moto wa jikoni hauivunji. Kuanika juani hakuivunji, wala kugandisha kwenye friji. Imani ya kuchemsha huenda imetokana na aina chache ambazo kweli hupungua ukali zikichemshwa, kama Gyromitra esculenta inayoliwa Finland baada ya kuchemshwa zaidi ya mara moja kwa maji mengi yanayomwagwa, dirisha likiwa wazi kwa sababu hata mvuke wake una madhara. Kanuni ya uyoga mmoja ikabebwa ikapachikwa kwa mwingine. Hapo ndipo watu wanapokufa.

Sasa nirudi kwa bibi yako, maana yeye ndiye kiini cha swali lako.

Bibi yako alijua, wala simpingi. Lakini jiulize alijua nini hasa. Hakuwa na kanuni ya kutenga uyoga mzuri na mbaya. Alikuwa anaujua uyoga fulani, labda aina tatu, labda saba, kama anavyowajua majirani zake: unaota wapi, mvua ya ngapi, unanukaje ukiuvunja, mzizi wake unakwenda kina gani, na katika eneo lile hakuna mwingine wa kuudhania. Ujuzi huo ni wa ardhi ile. Ukihama, macho yako unahama nayo, lakini uyoga uliouzoea huenda hukuja nao, na pale ulipofika pana mwingine aliyevaa nguo zake.

Jambo hili limeua wahamiaji wengi. Uyoga wa Volvariella volvacea, unaolimwa kwenye mabua ya mpunga na kupendwa sana Asia, ukiwa mchanga hufanana mno na Amanita phalloides mchanga. Mtu aliyeukula tangu utotoni anafika Marekani au Australia, anauona chini ya mti, moyo unamruka kwa furaha, anachuma. Mjini Canberra watu wawili walikufa baada ya chakula cha mkesha wa mwaka mpya wa 2012 kilichopikwa kwa Amanita phalloides. Asili ya uyoga huu ni Ulaya. Huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, hasa mialoni, hivyo miche ilipobebwa na udongo wake kwenda mabara mengine, nao ukasafiri humo humo mizizini. Neno lako "chini ya miti" limenifanya niketi wima.

Basi badala ya kuuliza "una sumu au hauna?", uliza "huu ni uyoga gani?" Ukishaujua kwa jina, pamoja na pacha wake mbaya, jibu la sumu linakuja lenyewe. Usipoujua kwa jina, hauliwi, hata kama kila dalili inapendeza. Na jina halipatikani kwa kutazama kofia peke yake.

Ngoja nikuonyeshe ninavyofanya mimi. Nikiukuta, siung'oi wala siukati. Nachomeka kisu kwenye udongo pembeni, vidole viwili kutoka kwenye shina, nauinua mzima pamoja na udongo wake. Kisha nausafisha kitako polepole kwa kidole. Hapo ndipo Amanita phalloides hujisaliti: chini ya shina, mara nyingi ndani kabisa ya ardhi, pana kikombe cheupe chembamba kama ganda la yai lililopasuka, na shina limesimama ndani yake. Ndivyo unavyozaliwa, umefungwa ndani ya mfuko, ukikua unaupasua na mabaki yanabaki chini. Aliyeukata kwa kisu juu ya ardhi ameacha ushahidi udongoni. Juu zaidi kwenye shina mara nyingi utaona pete, kipande laini kilichoning'inia kama sketi. Chini ya kofia yapo matamvua, yale mapande membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu, na ya Amanita phalloides ni meupe na hubaki meupe au meupe ya maziwa hadi uzee. Kikombe, pete, matamvua meupe: ukiviona vitatu hivi pamoja, achana nao. Ila usikigeuze kinyume ukasema visipokuwapo ni salama. Pete hudondoka, kikombe hukatika, na Galerina hauna kikombe kabisa.

Kisha kuna spora, vumbi laini ambalo uyoga huzaana kwalo. Kata shina karibu na kofia, laza kofia juu ya karatasi, matamvua yakitazama chini, nusu ya karatasi iwe nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli ili upepo usipite, uache usiku kucha. Asubuhi ukiinua bakuli utakuta mistari myembamba inayotoka katikati kama miale ya jua, imechorwa kwa vumbi. Nimefanya hivi mara nyingi sana na bado hunifurahisha. Rangi ya vumbi hilo hutenga koo na koo. Amanita hutoa nyeupe, isiyoonekana kwenye karatasi nyeupe, na ndiyo sababu ya ile nusu nyeusi. Volvariella hutoa ya waridi, na tena haina pete, kwa hiyo aliyepiga chapa ya spora hawezi kuwachanganya hao wawili. Agaricus, jamii ya uyoga mweupe unaolimwa na kuuzwa sana, hutoa kahawia ya chokoleti. Galerina na Cortinarius, jamii yenye aina zinazoua figo, hutoa rangi ya kutu. Na upo mmoja mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi zinazokatwa, Chlorophyllum molybdites, unaotoa kijani. Huo hausemwi sana kuua, lakini ndio unaowatapisha watu wengi zaidi huko Marekani, saa moja hadi tatu baada ya kula. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe tu, kijani huja baadaye, kwa hiyo anayechuma mchanga hana cha kumwonya.

Nakusihi kwa hiyo usichume vifundo vichanga, vile vilivyo kama kitufe, hata vya aina unayoijua. Amanita mchanga ndani ya mfuko wake ni yai jeupe la mviringo, na watu huudhania uyoga wa mpira, ule usio na kofia wala shina ambao huliwa ukiwa mweupe ndani. Kata yai hilo katikati kutoka juu hadi chini. Uyoga wa mpira unaofaa kuliwa ni mweupe mtupu ndani, laini kama jibini, pasipo umbo lolote. Ukiona kivuli cha kofia ndogo, shina na matamvua vimejichora mle ndani, umeshika Amanita mkononi. Kuushika hakukudhuru, sumu haipiti kwenye ngozi. Nawa mikono tu.

Pua nayo itumie. Agaricus xanthodermus ni mweupe mzuri, hudanganya hata wazoefu, lakini ukimkwaruza kitako hugeuka manjano ya kung'aa papo hapo na kunuka kama wino au dawa ya kusafishia hospitalini. Akipikwa harufu huongezeka. Pua, kisu na karatasi, hivyo ndivyo vifaa vyangu. Programu za simu zinazotaja jina kwa picha nimezijaribu, na nakuomba usizikabidhi ini lako. Picha haina harufu, haina spora, na mara nyingi haionyeshi kitako.

Ulisema pia hamkuwahi kuumwa. Hilo nalipokea kwa tahadhari, kwa sababu kula na kusalimika si ushahidi wa mwisho. Mwaka 1944 Julius Schäffer, bingwa Mjerumani wa elimu ya kuvu, alikufa baada ya kula Paxillus involutus, uyoga uliokuwa ukiliwa na wengi Ulaya wakati huo. Siku hizi tunajua kwamba mtu anaweza kuula miaka mingi, mwili ukijenga chuki dhidi yake kimya kimya, hadi siku moja kinga yake mwenyewe inageuka na kuanza kupasua chembe nyekundu za damu. Tricholoma equestre nao ulihesabiwa miongoni mwa uyoga bora kabisa Ulaya kwa karne nyingi, mpaka mwaka 2001 madaktari wa Ufaransa walipoeleza habari za wagonjwa 12 walioula mfululizo wakavunjikavunjika misuli, na 3 kati yao wakafa. Upo hata Coprinopsis atramentaria, ambao peke yake hauna neno, lakini ukinywa pombe siku ile au siku chache baadaye uso unawaka, moyo unakwenda mbio, unatapika.

Na figo: aina za Cortinarius za rangi ya kahawia na machungwa zina sumu iitwayo orelanini, inayokaa kimya siku mbili, tatu, hata wiki mbili au zaidi, mpaka mtu ameshasahau alikula nini. Mwandishi wa riwaya Mwingereza Nicholas Evans alichuma uyoga huo Scotland mwaka 2008 akidhani ni aina nyingine, akaula pamoja na mkewe na ndugu wawili. Figo zake zilikufa, akaishi kwa mashine ya kusafisha damu hadi binti yake alipompa figo moja.

Nieleze sasa jinsi amatoksini inavyoua, maana kuijua ratiba yake kunaweza kumwokoa mtu wako. Unakula jioni, unalala vizuri. Kati ya saa 6 na 12 baada ya kula, wakati mwingine hadi 24, unaanza kutapika na kuharisha maji matupu kwa nguvu ya kutisha. Hali hiyo hudumu siku moja hivi. Halafu inatulia. Mgonjwa anakaa kitandani, anaomba uji, familia inashukuru Mungu, wengine wanarudishwa nyumbani. Utulivu huo ni wa uongo. Ndani ya chembe za ini sumu imeziba kimeng'enya kinachosoma maagizo ya kutengeneza protini, na chembe isiyotengeneza protini hufa. Ini linaitoa sumu kwa njia ya nyongo, nyongo inaimwaga utumbini, utumbo unaifyonza tena na kuirudisha kwenye ini. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano, damu haigandi, fahamu zinapotea. Uyoga mmoja wa ukubwa wa kawaida, hata nusu ya kofia yake, unatosha kumuua mtu mzima.

Kwa hiyo mtu akiumwa baada ya kula uyoga wa porini, asisubiri kuona kama itapita. Aende hospitali, na wote walioshiriki sahani ile waende naye, hata wasiohisi chochote. Dalili zilizochelewa kupita saa 6 ni za kuogofya zaidi, ila zilizowahi nazo zisikutulize, kwani sufuria moja inaweza kuwa na aina mbili. Msimtapishe kwa maji ya chumvi wala kumnywesha maziwa au mafuta. Beba mabaki ya chakula, maganda, chochote kilichobaki kwenye kikapu. Hospitalini kuna mkaa maalumu unaonasa sumu tumboni, maji ya mishipa, dawa kama silibinini, na ini likishashindwa kabisa hubaki upandikizaji. Vyote hivyo husaidia zaidi kadiri mgonjwa anavyowahi. Ndiyo maana hata mimi, nikipika uyoga ninaoujua kama viganja vyangu, nabakiza mmoja mzima mbichi kwenye friji hadi siku ya pili ipite.

Ukitaka kujifunza kwa dhati, anza na aina moja tu. Tafuta mtu anayechuma huko ulipohamia, aliyeula kwa miaka mingi hapo hapo, ufuatane naye msimu mzima porini. Ukutane nao ukiwa mchanga, mzee, umelowa, umekauka. Mwombe pia akuonyeshe pacha wake mbaya. Beba kikapu au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu uyoga hutoka jasho na kuoza upesi, na ulioharibika hudhuru hata kama ni wa aina njema. Usichanganye aina kapuni. Usichume kando ya barabara kuu wala karibu na viwanda, kwani uyoga hufyonza metali nzito. Upike uive, na mara ya kwanza kula kidogo.

Na ule wa bibi? Kama uliota juu ya kichuguu, huenda ni Termitomyces, uyoga unaolimwa na mchwa wenyewe ndani ya viota vyao Afrika na Asia. Fukua na utaona shina lake linashuka kama mzizi mrefu hadi kwenye bustani ya mchwa, bila kikombe. Jamii hiyo ndiyo yenye Termitomyces titanicus wa Zambia, ambaye kofia yake hukaribia upana wa mita moja. Huo wako wa sasa umesimama chini ya miti, na hukutaja kichuguu.

Kwa hiyo rudi pale mahali ukiwa na kisu. Fukua mmoja mzima, sugua udongo kwenye kitako, tazama. Ukikuta ganda jeupe limelizunguka shina, uache hapo hapo na uwaambie majirani. Usipokuta, piga chapa ya spora, umtafute mtu wa kukutajia jina. Na ule ulioko kwako, ikiwa uliukata ukabaki na kofia na kipande cha shina tu, hauna tena kitako cha kuuhukumu. Huo utupe.